Ruzuku ya wahamiaji: "Mwanangu atapewa ngapi akishuka Kanada?"

Barua za safari zimenijaa mezani. Mwezi huu nimechagua nne, na zote zinazunguka jambo moja: pesa ambazo serikali za nchi za watu hutenga kwa ajili ya wahamiaji wapya. Kwa asiyenijua, mimi nilikaa Ottawa miaka mingi nikifanya ukalimani katika shirika la kupokea wageni, kisha nikarudi kwetu Mkunazini. Sina ofisi, sipokei pasipoti ya mtu na sitafutii mtu visa. Najibu tu.

*Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa Wete. Mwanangu wa mwisho ni fundi umeme, amepata karatasi za ukaazi wa kudumu Kanada na inshaallah ataondoka baada ya Idi. Kuna kijana mjini Unguja, karibu na Darajani, amemwambia serikali ya Kanada inatoa ruzuku kwa kila mhamiaji mpya ya kupangia nyumba na kuanzia maisha, lakini fomu lazima ijazwe kabla hajaondoka. Ada yake shilingi 450,000. Nimeuza karafuu zilizobaki ndani, pesa ninazo. Nilipe? Na atapewa ngapi? — Mama Kitinda Mimba, Wete*

Waalaykumu ssalaam, mama. Usilipe. Karafuu umezichuma, umezichambua na umezianika kwa jua la Mungu, ukampe mtu asiyejua hata karafuu inachumwaje?

Ruzuku ipo, hilo hakukudanganya, na ndiyo maana maneno yake yanaingia akilini. Kanada hutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kwa kazi ya kuwatuliza wahamiaji wapya, kupitia Wizara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia, ambayo kule kila mtu anaiita IRCC. Lakini pesa hizo haziingii mfukoni mwa mhamiaji. Zinakwenda kwa mashirika, zaidi ya 500 nchi nzima: jumuiya zisizotafuta faida, vyuo, bodi za skuli. Mashirika hayo ndiyo yanayoajiri mwalimu wa lugha, mkalimani, mlezi wa watoto, na mtu wa kukaa nawe akakusaidia kuandika wasifu wako wa kazi. Mhamiaji anavitumia vyote bila kulipa. Mshahara wangu mimi ulitoka humo humo. Chukulia birika la msikiti: anatawadha tajiri, anatawadha masikini, anatawadha mpita njia, lakini hakuna anayechota ndoo akaenda kuuza.

Tena hebu lifikirie hili. Mtu anayeomba ukaazi kwa njia ya ufundi au taaluma akiwa nje ya Kanada hutakiwa aoneshe barua ya benki kwamba ana pesa zake mwenyewe za kuanzia maisha. Kwa mtu mmoja asiye na familia sasa ni zaidi ya dola 14,000 za Kanada, na kiwango hupanda kila mwaka na kwa kila mtu anayeongezeka. Anayesamehewa ni aliyeomba kwa uzoefu wa kazi alioupata kule kule, au mwenye ruhusa ya kufanya kazi Kanada pamoja na ajira halali inayomngojea. Muulize mwanao, atakumbuka alivyohangaika na hiyo barua ya benki. Sasa serikali iliyokwambia uje na chako, itakungojeaje uwanja wa ndege na bahasha?

Wanaopewa pesa mkononi wapo. Ni wakimbizi ambao serikali yenyewe imewachukua kutoka makambini. Hao hupewa fungu la mara moja la kununulia vitu vya nyumba, na posho ya kila mwezi kwa muda usiozidi miezi 12, kiwango chake kikifuata posho ya wasiojiweza ya jimbo wanalokaa. Haitoshi kunenepa. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tiketi ya ndege kwa kawaida ni mkopo, na mkimbizi anadaiwa. Nafuu iliyopatikana ni kuwa tangu 2018 mkopo huo hautozwi riba.

Nilimkalimania mama mmoja aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Mkongo wa Fizi, na watoto watano nyuma yake. Mwezi Januari, theluji imefika dirishani. Akaoneshwa darasa la Kiingereza, na ukutani upande wa pili chumba cha kuwaacha watoto wadogo wakati mama anasoma. Akanigeukia: "Uwaambie banipe ile pesa ya masomo mu mikono, mimi nitajifunza ku soko." Nikafasiri kama alivyosema, sikupunguza. Mwalimu akacheka, halafu akamjibu kwa adabu kwamba kiti cha darasani hakigeuzwi pesa. Mama yule alinuna wiki nzima, na mimi akaninunia kana kwamba ndiye niliyekataa. Baadaye ikawa hakosi siku. Si kwa kupenda Kiingereza. Chumba cha watoto kilikuwa na joto, na nyumba aliyopangishiwa haikuwa nalo la kutosha.

Kwa hiyo mwanao afanye nini? Akishafika ashughulikie namba yake ya bima ya jamii, maana bila hiyo hakuna mwajiri wa halali atakayemlipa. Wiki hiyo hiyo atafute shirika la kupokea wageni la mji alioufikia. Katika tovuti ya serikali, canada.ca, unaingiza jina la mji na orodha inakuja. Aende na karatasi zake za ukaazi. Wataanza kwa kukaa naye kumhoji mahitaji yake: amesoma wapi, anaumwa nini, anataka kazi gani, nani anamtegemea nyumbani. Hapo mwambie asione haya. Sisi Waswahili tukiulizwa tuna shida gani tunajibu "alhamdulillahi, hakuna," tunatoka nje na karatasi tupu, halafu tunampigia simu binamu saa nane za usiku kumweleza shida zote.

Kiingereza watampima kwa ngazi zao, kuanzia 1 mpaka 12, halafu wampangie darasa la LINC, yaani la lugha kwa wageni wapya. Madarasa hayo yapo tangu 1992, ni bure, na yana foleni. Asisubiri mpaka apate kazi na nyumba ndipo ajiandikishe, foleni haimngojei mtu. Ngazi ya 4 ndiyo watakayoitazama siku akiomba uraia, kwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 54. Na kabla hamjafika huko kaeni mzungumze nyumbani, kwa sababu sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akila kiapo cha kule, pasipoti ya huku ndiyo kwaheri. Tena siku akishakuwa raia wa Kanada, huduma hizi za serikali kuu kwa wahamiaji nazo hazimhusu.

Lakini lililo kubwa kwake yeye ni ufundi. Kazi ya umeme kule ina leseni. Hata awe ametia nyaya nusu ya hoteli za Nungwi, haruhusiwi kujitegemea kwenye ukuta wa mtu mpaka chombo kinachosimamia mafundi cha jimbo lake kimpime na kimpe cheti. Aende na kila karatasi aliyonayo: vyeti vya chuo, barua za waajiri zenye tarehe na saa alizofanya kazi, picha hapana. Barua za waajiri azitafute sasa, akiwa bado hapa, kwa sababu mkandarasi wa Pwani Mchangani hatajibu barua pepe kutoka Winnipeg. Kisha aliulize shirika kama lina programu ya kumvusha mtu arudi kwenye fani yake. Nyingi zinalipiwa na ruzuku hii hii. Fundi anayekosa kuuliza swali hilo huishia kubeba masanduku ghalani miaka mitatu, mikono ikasahau kazi. Nimewaona, tena wengi, na baadhi yao walikuwa mafundi hasa.

Kuhusu kijana wa Darajani: kwa sheria ya Kanada, anayelipwa kumshauri au kumwakilisha mtu katika mambo ya uhamiaji lazima awe mwanasheria mwenye leseni ya kule, au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji, kilichoanza kazi Novemba 2021. Majina ya waliosajiliwa yamewekwa wazi mtandaoni. Mwombeni namba yake ya usajili. Fomu ya ruzuku anayoiuza haipo. Kama mmeshampa kianzio kwa simu, pigieni mtandao wenu leo, si kesho, kisha mwende polisi na ujumbe wote aliowaandikia. Msiufute kwa hasira.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeolewa, mume wangu yuko Leicester, ni raia wa kule, na visa yangu ya mke imetoka. Wifi yangu ananiambia nikifika tu niende manispaa nijiandikishe nipewe nyumba na posho ya wageni. Kweli? — Bi Harusi, Mwanakwerekwe*

Marahaba mwanangu, na hongera. Si kweli, na ukimfuata wifi yako unaweza kujichongea.

Visa ya mke ya Uingereza inakuja na sharti la kutogusa fedha za umma. Posho za serikali na nyumba za manispaa zimo humo. Ukiomba ukapewa kwa kupitiwa, siku ya kurefusha visa suala litafufuka. Hospitali utatibiwa, kwa sababu mmekwisha kuilipia ndani ya maombi ya visa. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, muulize mume wako atakwambia ilivyomuuma. Kiingereza umeingilia kwa ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa. Kwa taratibu za sasa ukirefusha baada ya miaka miwili na nusu unatakiwa A2, na siku ya ukaazi wa kudumu B1 pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza. Kwa hiyo usijifungie ndani ukitazama tamthilia za Kituruki. Maktaba, misikiti na jumuiya za mitaa zina vikao vya mazungumzo ya Kiingereza visivyo na malipo, na huko ndiko utakakojua pia basi lipi linakwenda wapi.

Jengine, na sikuombei mabaya. Mke aliyeingia kwa visa ya mume, mume akimpiga au akamnyanyasa, hana haja ya kuvumilia kwa kuogopa karatasi. Ipo ruhusa ya miezi mitatu ambayo humwondolea lile sharti la fedha za umma, apate pa kulala na pa kula huku akiomba ukaazi kwa haki yake mwenyewe. Mtu akikwambia "ukisema utarudishwa Mwanakwerekwe," usimwamini. Mwambie na shoga yako.

*Assalamu alaykum dada yetu. Sisi ni Wazanzibari tuliopo Hamilton, Ontario. Tumesajili jumuiya. Katibu ni wa Mkoani, mshika fedha wa Kikwajuni, na tayari wamekosana nani asaini hundi. Tunataka ruzuku ya serikali tufungue kituo cha kuwapokea wageni wetu wanaokuja. Tuanzie wapi? — Mwenyekiti Asiye na Kiti*

Ndugu Mwenyekiti, muanzie kwa hao wawili. Wasaini wote, hundi moja saini mbili, na yaishe.

IRCC haipokei maombi siku yoyote mtu aliyoamka na wazo. Hutangaza wito kila baada ya miaka kadhaa. Mkubwa wa karibuni ulikuwa wa 2024, na mikataba yake ikaanza tarehe 1 Aprili 2025, maana mwaka wa fedha wa Kanada huanza siku hiyo na kufungwa 31 Machi. Aliyekosa dirisha hilo anasubiri jengine.

Na mjue mnachokiomba. Sehemu kubwa ya fedha hizi si kitu cha kukabidhiwa mkaondoka nacho. Ni mkataba. Mnakubaliana gharama moja moja: mshahara huu, kodi hii, wino huu. Mnatumia, mnapeleka hesabu na uthibitisho, mnarudishiwa kile tu kilichokubaliwa. Mkinunua kapeti ambalo halikuandikwa, kapeti ni lenu na deni ni lenu. Kila mtu mliyemhudumia anaingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao iCARE: ni nani, kapata huduma gani, kwa lugha gani, lini. Mwisho wa Machi mhasibu wa shirika letu alikuwa hasemi na mtu. Siku moja nilimkuta amepiga magoti chini ya meza anatafuta risiti ya tiketi za basi za watu waliokuja kabla ya vuli. Mshika fedha wenu wa Kikwajuni yuko tayari kwa hilo, bila mshahara, baada ya zamu yake ya usiku?

Halafu lipo la nani anayeruhusiwa kuhudumiwa, na hapa ndipo jumuiya nyingi za watu wetu zinapokwama. Mkataba wa IRCC unahusu mkaazi wa kudumu na aliyekwisha kupewa hifadhi. Mwanafunzi kwa kawaida hamo. Mwenye kibali cha kazi cha muda kwa kawaida hamo. Aliyeomba hifadhi na bado hajajibiwa hamo. Raia hamo. Hebu zunguka ukumbi wenu siku ya Idi uwahesabu. Wazanzibari wengi niliowajua Ontario ama walikuwa raia zamani, ama wanafunzi, ama wanangojea shauri lao lisikilizwe. Ukishawatoa hao wote, kituo chenu kina wateja wangapi? Serikali za majimbo zina mifuko yao, na wa Ontario ni mpana zaidi, unamkubali hata mwomba hifadhi. Huko mna hoja. Jamaa zenu wa Montreal wasije wakanakili maombi yenu, Quebec inajiendeshea mambo haya yenyewe tangu makubaliano yake na serikali kuu ya 1991.

Wakati wenyewe nao mbaya. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kupunguza wahamiaji, kutoka lengo la watu 485,000 mwaka 2024 hadi 395,000 mwaka 2025, na fedha za huduma zikapungua pamoja nao. Mashirika makongwe yameachisha watu kazi. Jumuiya ya jana isiyo na hesabu zilizokaguliwa haitapita mbele yao kwa sababu ya barua nzuri.

Ningekuwa nyinyi nisingefungua kituo. Ningekwenda kwa shirika kubwa la hapo mjini ambalo tayari lina mkataba, nikawaambia: tunao watu wa kujitolea, wanajua Kiswahili, wanajua mji, mna wageni wangapi wanaozungumza Kiswahili? Jibu litakushangaza, kwa sababu wengi wao hawatatoka Pemba wala Unguja. Watakuwa Wakongo na Warundi. Najua wapo watakaoguna kwenye kikao chenu wakisema jumuiya ni ya Wazanzibari. Waache wagune. Fedha za kuwaunganisha wageni na wenyeji zimo ndani ya mikataba ya mashirika hayo, na anayeleta wakalimani watano waaminifu hukaribishwa kuliko anayeleta katiba ya jumuiya yenye muhuri. Baada ya miaka miwili ya kazi hiyo mtakuwa na barua ya kuwathibitisha, na mbele ya mfuko wowote barua hiyo ndiyo mtaji. Miji mingi ya Ontario tangu 2008 ina mabaraza ya ubia yanayokutanisha manispaa, skuli, hospitali na mashirika kuzungumzia wahamiaji, nayo yenyewe hulipiwa na IRCC. Tumeni mtu mmoja akae huko asikilize. Mchagueni asiyependa kuhutubia.

Kwa sherehe, mlango ni mwengine: Wizara ya Turathi za Kanada ina mfuko wa shughuli zinazokutanisha watu wa tamaduni mbalimbali. Chakula cha jioni cha kuwaalika majirani wa mtaa, wenye dini nao na wasio nayo, kinaweza kuingia humo. Maulidi yenu ya ndani jichangisheni.

Na ule mfuko wenu wa kuzikana, maana najua mnao, uwe na akaunti yake. Pesa ya maiti isichanganywe na pesa ya serikali hata kwa kuazimana siku mbili. Nimeona jumuiya mbili zikifa kwa sababu hiyo, na moja yao ilikuwa na maiti hospitalini anangojea kusafirishwa.

*Bi Mkubwa, nakusoma kila toleo. Zanzibar inapokea wageni tangu enzi, na sijasikia serikali iliyomlipia mgeni darasa. Sisi hatukuhitaji ruzuku, au hatukuwajali wageni? — Mwalimu Mstaafu, Chake Chake*

Shikamoo mwalimu. Suala lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Nchi hizo hazilipi kwa huruma peke yake. Zinataka wafanyakazi, na baadhi zilichelewa kuona kwamba mfanyakazi anakuja na mdomo na masikio. Australia iliwahi mapema, ilianza 1948 kuwafundisha Kiingereza watu waliotoka Ulaya baada ya vita. Ujerumani ilianza kuchukua wafanyakazi kutoka Uturuki kwa mkataba wa 1961, na ikakaa mpaka 2005 ndipo ikaweka kwa sheria darasa la lugha kwa nchi nzima. Zaidi ya miaka 40, mwalimu. Watoto wa wale wafanyakazi walikwisha kuwa wazazi.

Kwetu Mngazija alipokewa na Wangazija, Mshihiri akalala dukani kwa ami yake mpaka alipopata pake, Mbajuni akashukia kwa Wabajuni wenziwe. Tunapenda kulisifu hilo barazani, na mimi pia nalisifu, ila kidogo. Mwenye jamaa alifika salama. Asiye na jamaa alipata tabu, na hakuna aliyemwandika. Wenye duka walipokea pia kazi ya bure ya kijana aliyelala kwenye magunia, tusilisahau.

Serikali ya Muungano iliwahi kufanya jambo zito kuliko ruzuku. Warundi waliokimbia 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi wakalima, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia. Vyeti vyao vilianza kugawiwa kwa wingi 2014. Palikuwa na mpango wa kuwatoa na kuwatawanya katika mikoa mengine kwa fedha za wahisani. Ukaachwa, wakabaki walipo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa heri yao, ingawa wapo waliokaa muda mrefu wakingoja kuhamishwa, hawathubutu kupanda hata mwembe.

Hapa visiwani mgeni anaanzia kwa sheha. Barua ya sheha ndiyo inayomfungulia njia ya mambo mengi, pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanzishwa kwa sheria ya 2005, kwa anayetimiza masharti. Sheha hana bajeti ya mgeni. Anachoweza kumpa ni wakati wake, na baadhi yao hutoa na ukali juu. Angalia vijana wa Bara wanaokuja kufanya kazi Paje, Jambiani na Nungwi. Si wageni wa nchi nyengine, lakini mji ni mgeni kwao. Wanapanga chumba, hawajui taka zinatupwa wapi, hawajui mwezi wa Ramadhani mchana unakula wapi na unavaaje kupita mtaani, wanajifunza kwa kugombwa. Hakuna hata ukurasa mmoja wa karatasi uliowekwa ofisi ya sheha unaomweleza mtu hayo kwa lugha ya kistaarabu, pamoja na namba ya kituo cha afya na jina la skuli iliyo karibu. Mimi ningeanzia hapo. Hapahitaji dola bilioni, panahitaji mashine ya fotokopi.

Wewe umestaafu na mwandiko wako naona bado umenyooka. Uandike ukurasa huo wa shehia yako, upande mmoja tu, uniletee boti ya Jumamosi. Nitaupitia, nitakata maneno makali, na tutaupeleka kwa sheha wako kabla ya Shaaban kwisha.